Wasifu wa Gari Moja: Namna ya Kufuatilia Miura, Dino na Wenzao

Itazame tena The Italian Job, filamu ya 1969, dakika zake za mwanzo tu. Lamborghini Miura ya rangi ya chungwa inapanda barabara ya Great St Bernard katika milima ya Alps, kona baada ya kona. Achana na milima. Tazama nyuma ya kichwa cha dereva: viti ni vyeusi, lakini viegemeo vya kichwa ni vyeupe. Gari lilikuwa jipya na lilitakiwa kurudi kiwandani bila doa, kwa hiyo viti vyake vya ngozi nyeupe viling'olewa, vikafungwa vyeusi vilivyokuwa vikitumika kwenye majaribio. Viegemeo vilibaki. Kwenye Miura havishikani na kiti, vimefungwa kwenye kioo kinachotenganisha abiria na injini, na muda wa kuvifungua haukuwepo. Aliyeeleza haya ni Enzo Moruzzi, mtu wa Lamborghini aliyelipeleka gari hilo kwenye filamu na kuliendesha yeye mwenyewe. Mwaka 2019 Polo Storico, idara ya Lamborghini inayoshughulikia magari ya zamani, ilithibitisha kwamba gari hilo ni chesisi namba 3586. Lile linaloporomoka bondeni ni jingine, Miura iliyokuwa imeshapata ajali kabla.

Ukitaka kufanya kazi ya namna hiyo, yaani kuchukua gari moja la michezo la Kiitaliano lenye injini katikati na kuandika maisha yake tangu kiwandani hadi leo, anza kwa kusahau modeli. Kwamba Miura ilichorwa na Marcello Gandini akiwa Bertone, kwamba injini yake ya silinda 12 imelazwa kwa upana nyuma ya mgongo wa dereva, kwamba zilitoka karibu 760 kati ya 1966 na 1973, hayo yameshaandikwa na kurudiwa. Wewe unatafuta habari za 3586 peke yake. Nani alilinunua? Limepakwa rangi mara ngapi? Liligongwa wapi? Injini iliyomo ndiyo iliyotoka nayo? Iwe unamwandikia mnunuzi, iwe ni kwa raha yako, maswali hayabadiliki.

Namba ndiyo mlango. Gari la aina hii huwa na namba zaidi ya moja, na kila moja ina ushahidi wake. Ipo ya chesisi, iliyogongwa kwenye chuma na kurudiwa kwenye kibati. Ipo ya injini. Kwenye Ferrari ipo na nyingine ya ndani ya kiwanda, iliyogongwa kwenye bloku, ambayo mlaghai wa haraka huisahau. Halafu ipo ya waunda bodi, Bertone, Pininfarina au Scaglietti, ambao walikuwa kampuni tofauti na walihesabu kazi zao kivyao. Hiyo ya bodi itafute mahali pasipoonekana, nyuma ya vipande vya ndani vilivyofunikwa na ngozi au zulia, pengine imeandikwa kwa mkono tu. Mtu anaweza kugonga namba mpya kwenye chesisi kwa saa moja. Kukumbuka kuandika namba sahihi ya Bertone mgongoni mwa kipande cha mlango ni kazi ya mwenye subira zaidi.

Jifunze pia tabia ya kila kiwanda. Ferrari ya wakati ule iliyapa magari ya barabarani namba witiri na ya mashindano namba shufwa. Dino 206 GT na 246 GT, ingawa ni za barabarani, zilipewa mfululizo wake wa namba shufwa. Sasa njoo kwenye 250 LM, gari lililozaliwa kwa mashindano, injini katikati, 32 tu zilizotengenezwa: namba zake ni witiri. Sababu ni kwamba Enzo Ferrari alitaka lihesabiwe kuwa gari la kawaida la barabarani ili liingie daraja la GT, na FIA, shirikisho la kimataifa la magari, ikakataa kwa kuwa hayakufika magari 100 yaliyotakiwa. Ubishi wote ule umo ndani ya tarakimu ya mwisho ya namba. Mtu akikuletea Dino yenye namba witiri, rudisha kadi yake na umuulize vizuri.

Ukilifikia gari lenyewe, nenda na taa ndogo, kioo cha kukuzia, karatasi nyembamba, penseli na sumaku iliyofungwa kitambaa. Usiguse namba kwa msasa wala kemikali, hata kama imejaa kutu, na mwenye gari akiwa na haraka ya kukusafishia, mzuie. Ilaze taa pembeni mpaka tarakimu zitupe kivuli, kisha weka karatasi juu na usugue penseli polepole. Nakala hiyo ya karatasi ndiyo utakayoilinganisha na magari mengine ya miezi ile ile: umbo la 4, mkia wa 7, nafasi kati ya tarakimu, kama mstari umenyooka au unacheza. Namba iliyogongwa na fundi wa kiwanda mara nyingi haijanyooka sana. Mimi huwa na wasiwasi zaidi nikiona iliyopangika kama imechapwa. Angalia kama chuma kinachoizunguka kimeshuka kidogo, dalili ya kusagwa, au kama kuna mshono wa kuchomelea unaozunguka kipande chenye namba. Kwenye kibati, angalia ribiti: mpya kwenye kibati kikuukuu zinataka maelezo.

Sumaku ina kazi yake. Bodi ya Dino 206 GT ni ya alumini, ya 246 GT ni ya chuma, kwa hiyo sumaku ikinasa kwenye boneti ya gari linalouzwa kama 206, mazungumzo ya bei yamekwisha. Miura ni mchanganyiko: sehemu ya kati ni chuma, vifuniko vikubwa vya mbele na nyuma ni alumini. Pale ambapo sumaku ilitakiwa kunasa na hainasi, kuna puti nene, na puti nene ni ajali. Iandike, na uiwekee alama ya kuulizwa tarehe.

Karatasi za kiwanda zinapatikana, kwa malipo. Lamborghini wana Polo Storico tangu 2015, wanaoshughulikia magari yao hadi Diablo ya 2001. Ferrari wana Classiche pale Maranello. Alfa Romeo wana kituo chao cha nyaraka Arese, nje ya Milano, pamoja na makumbusho. Watakueleza rangi ya kwanza, ngozi ya ndani, tarehe ya kutoka na wakala aliyepokea gari. Lakini soma unachopewa. Karatasi hiyo inaeleza gari lilivyotoka getini. Cheti cha leo kinaeleza kwamba gari la leo linalingana na lilivyotoka, na kulingana kunaweza kununuliwa: Ferrari yenyewe humtengenezea mteja bloku mpya ya injini ya zamani. Kilichotokea katikati hakimo. Miura S iliyotoka 1970 na baadaye ikavishwa matao mapana ya nyuma ya toleo la SV, ikatolewa kope nyeusi zilizozunguka taa, inaweza kukaa miaka 30 ikiitwa SV na kila aliyeimiliki. Karatasi itakuambia ilikuwa S. Nani aliyeibadilisha, lini, na kwa nini, ni kazi yako.

Viwanda vyenyewe havikuwa na huruma na magari yao. Miura ya wazi ambayo Bertone aliipeleka maonyesho ya Brussels 1968, chesisi 3498, iliuzwa kwa shirika la kimataifa la utafiti wa risasi na zinki, ikang'olewa vipande vingi vikatengenezwa upya kwa metali hizo, ikapakwa kijani na kuitwa Zn75. Ilichukua miongo kadhaa kurudi rangi yake ya samawati. Countach ya kwanza kabisa, LP500 ya njano iliyoshangaza Geneva 1971, ilibamizwa ukutani Uingereza 1974 katika jaribio la usalama, ikatupwa. Ile utakayoiona leo kwenye picha za rangi safi ilijengwa upya na Polo Storico na kuonyeshwa 2021. Hakuna udanganyifu hapo, kiwanda kimesema wazi, lakini picha zikisambaa bila maelezo zinamchanganya hata mjuzi.

Kwa Italia, baada ya kiwanda nenda kwenye usajili. Daftari la umma la magari, PRA, lipo tangu 1927 chini ya chama cha magari cha ACI, na kwa kutumia namba ya usajili unaweza kuomba mfuatano wa wamiliki. Hapo ndipo pleti namba kwenye picha ya zamani inapogeuka dhahabu. Kabla ya mfumo mpya wa 1994 pleti ilitaja mkoa, MO ni Modena, BO Bologna, TO Torino, na Roma iliandikwa kwa ukamilifu. Gari lilipohamia mkoa mwingine lilipewa namba nyingine, kwa hiyo gari moja linaweza kuwa na faili tatu zisizojuana. Herufi EE ni za wageni waliochukua gari Ulaya na kuondoka nalo. Wamarekani wengi walifanya hivyo, na ukiiona EE jua safari yako inaelekea bandarini. Na neno PROVA? Hilo lisikupumbaze. Ni pleti ya majaribio, inahamishwa kutoka gari hadi gari asubuhi na jioni. Nimeona watu wakijenga hoja nzima juu ya PROVA MO, kana kwamba ilikuwa mali ya gari moja.

Sasa tufike kwenye sehemu ngumu, ambayo ndiyo inayotofautisha wasifu na tangazo la mnada. Kila muuzaji anajua mwaka wa kwanza wa gari lake na mwaka wa mwisho. Muulize habari za 1974 hadi 1985.

Mafuta yalipopanda mwishoni mwa 1973, Italia ilipiga marufuku kuendesha magari binafsi siku za Jumapili kuanzia tarehe 2 Desemba. Kodi ya injini zinazozidi lita 2 ilikuwa kubwa kiasi kwamba viwanda vilitengeneza matoleo madogo kwa ajili ya soko la nyumbani tu, Ferrari 208 GT4 na Lamborghini Urraco P200. Lamborghini yenyewe ilifilisika 1978. Katika hali hiyo Miura ya miaka minane ilikuwa nini? Gari kuukuu lenye kelele, joto la injini shingoni, linalokunywa mafuta kama halina akili, ambalo spea zake hazipatikani. Halikuwa hazina. Mwenye nalo akipasua injini alifunga aliyoipata. Akichoka na rangi ya chungwa alipaka nyeusi. Akitaka lifanane na la jirani alitoboa na kupanua matao. Hakuna aliyeandika chochote kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba kuna siku mtu atauliza.

Na zilikuwa zinaungua. Kabureta za Weber za Miura zilikaa juu ya injini, petroli ikifurika ilidondokea sehemu za moto na cheche, na hadithi za Miura iliyowaka kwenye foleni ni za kweli. Baada ya moto, bima hulipa na mabaki huuzwa. Hapo ndipo magari mawili huwa moja, au moja likawa mawili, mmoja akiwa na kibati na karatasi, mwingine akiwa na chuma. Kwa hiyo ukiona pengo katika miaka hiyo, swali la kwanza lisiwe nani alilimiliki. Liwe: lilikuwa zima?

Njia za kuingia kwenye pengo zipo. Matangazo madogo ya kuuza magari katika majarida ya wakati ule, Road & Track, Motor Sport, Quattroruote, hutaja rangi, kilomita, mji, mara nyingine hata namba ya chesisi. Vilabu vya wamiliki vilichapisha orodha za wanachama na magari yao. Risiti za gereji, hata ya kubadilisha plagi, ni bora kuliko barua ya sifa, kwa sababu aliyeiandika hakuwa na sababu ya kudanganya. Ferrari za Berlinetta Boxer hazikuwahi kuuzwa rasmi Marekani, kwa hiyo kila iliyoingia iliingizwa na mtu binafsi na ikabadilishwa ili ikidhi sheria za moshi na usalama. Karatasi za mabadiliko hayo zina tarehe, na tarehe ndiyo unayoitaka. Panga kila kipande kwa mfuatano: siku, mji, rangi, kilomita, pleti, jina la hati. Rangi ikibadilika bila risiti, weka alama. Kilomita zikishuka badala ya kupanda, simama hapo hapo, usiendelee mbele mpaka ujue kama ni geji iliyobadilishwa, maili iliyosomwa kama kilomita, au ni gari jingine.

Picha nazo zina lugha yake, hasa kwa magari yaliyoundwa kwa mkono. Alfa Romeo 33 Stradale, iliyochorwa na Franco Scaglione na kuonyeshwa Monza 1967, ilipata chesisi 18 tu, na kadhaa kati ya hizo zilivishwa bodi tofauti kabisa za maonyesho, kama Carabo ya Bertone na Iguana ya Giugiaro. Zilizobaki hazifanani kama mapacha. Za mwanzo zina taa mbili mbili mbele, za baadaye moja moja. Matundu ya kutolea hewa karibu na magurudumu yapo kwenye nyingine na kwenye nyingine hayapo. Pima mambo hayo kwanza kabla ya rangi, kwa sababu rangi hubadilishwa kwa wiki moja na tundu lililokatwa kwenye alumini halirudi kirahisi.

Mashahidi walio hai wasikilize, uwarekodi, halafu uwapime. Penye wengi pana mengi. Ferrari 250 LM yenye chesisi 5893 ilishinda Le Mans 1965 kwa timu ya NART, madereva wakiwa Masten Gregory na Jochen Rindt. Miaka mingi baadaye ikatoka habari kwamba dereva wa akiba, Ed Hugus, aliliendesha usiku wakati wa ukungu, yeye mwenyewe akidai hivyo. Matokeo rasmi hayamtaji. Gari hilo lilikaa kwenye makumbusho ya Indianapolis kwa miongo mitano na liliuzwa Paris Februari 2025 kwa zaidi ya euro milioni 34, na swali la Hugus bado linabishaniwa. Katika wasifu unaandika hivyo hivyo: madai ya nani, yalitolewa lini, hati gani iko kinyume.

Hata gazeti la siku ile ile linaweza kukupoteza. Februari 1978, Los Angeles, polisi walifukua Dino 246 GTS ya kijani uani mwa nyumba, chesisi 07862, iliyoripotiwa kuibwa Desemba 1974. Magazeti yalisema watoto waliokuwa wakichimba matope ndio walioigundua. Baadaye ikasimuliwa kwamba watoto walitungwa tu kumlinda mtoa habari, na kwamba wizi wenyewe ulikuwa mpango wa kuila bima. Gari lilitengenezwa na linatembea, pleti yake ikitania kwamba lilifukuliwa.

Kuna wakati ushahidi wote utaufikia na bado gari halitakubali jibu moja. Ferrari 0846 ilianza 1966 kama 330 P3, ikageuzwa kuwa P3/4, ikashinda saa 24 za Daytona 1967 mikononi mwa Lorenzo Bandini na Chris Amon, kisha ikaungua Le Mans mwaka ule ule. Ferrari inasema ilivunjwa. Mmiliki mmoja wa Marekani amesisitiza kwamba fremu ya gari lake ina mabomba ya 0846. Usichague upande ili hadithi ipendeze. Andika mabomba gani, yamepimwa na nani, na kiwanda kimejibu nini, umwachie msomaji mwenye pesa zake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna gari moja ambalo sehemu ya faili lake iko nyumbani. Pasaka ya 1975 timu ya Lancia ilileta Stratos kwenye Safari Rally, Kenya. Sandro Munari alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa tatu, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Munari alirudi 1977 akawa wa tatu. Stratos ni kigari kifupi chenye injini ya Dino ya lita 2.4 nyuma ya viti, na nakala zake zilizoundwa baadaye ni nyingi, kwa hiyo Stratos halisi yenye vumbi la Safari ina thamani ya pekee na vishawishi vingi. Tatizo ni kwamba timu za kiwanda zilihamisha pleti na karatasi kutoka gari hadi gari kila forodha ilipotaka gari lililoingia ndilo litoke. Pleti ya TO kwenye picha ya Nairobi haithibitishi chesisi.

Kinachothibitisha ni vitu vidogo vya chuma: mahali ambapo vyuma vya kukinga wanyama vilifungwa mbele, viraka vya kuimarisha sakafu, matundu ya taa za ziada. Kwa hivyo unahitaji picha za karibu, na picha hizo hazipo Torino tu. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ina magazeti ya zamani. Zaidi ya hapo, ziko kwenye albamu za familia za waliosimama kando ya barabara, waliofanya kazi kwenye vituo vya huduma, waliouza petroli. Ukizipata, omba negativu, wala usikate ukanda wake: picha ya kabla na ya baada ndiyo inayokuambia zilipigwa wapi na kwa mfuatano gani. Andika kwa penseli kwenye bahasha, kamwe si nyuma ya picha, jina la mwenye nayo, mahali na namba iliyo mlangoni mwa gari. Kisha mpe mwenye nayo nakala nzuri kabla hujaomba ya pili.